Je, Akili ya Mtu Hutawalika? Uhakiki wa Nadharia ya Kasumba

1. SWALI LA KIBIMBA

Katika semina ya elimu ya siasa iliyofanyika Kibimba, wilayani Ngara, tulikuwa tukifundisha somo la kasumba. Tulilieleza kama sisi wenyewe tulivyofundishwa chuoni: kwamba mkoloni aliutawala mwili wa Mwafrika kwa bunduki na akili yake kwa kasumba, na kwamba mtu aliyelishwa kasumba hutenda analotaka bwana wake, huku akidhani anatenda analotaka mwenyewe. Ili somo liwe karibu na wasikilizaji, tulitoa mfano wa Rwanda ya mwaka 1994. Tulisema kwamba wakulima wa nchi ile walitekwa akili na redio, wakawaua majirani zao.

Mzee mmoja akanyoosha mkono. "Ndugu Mkufunzi," akasema, "kama mtu amechukuliwa akili yake, huyo anayekumbuka kwenda kumfungua ng'ombe wa marehemu zizini ni nani?"

Ukumbi ukanyamaza. Kabla hatujajibu, dada mmoja wa Umoja wa Vijana akaongeza la pili: "Na ikiwa kweli akili ya mtu hutawalika, elimu hii mnayotupa hapa ni kitu gani?"

Siku ile tulijibu juu juu, tukaendelea na somo. Lakini maswali yale mawili hayakuwa ya kupuuzwa, na walioyauliza walikuwa na haki ya kuyauliza kuliko watu wengine wengi. Wananchi wa Ngara hawahitaji kusimuliwa habari za Rwanda na mtu aliyezisoma kitabuni. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa mchana na usiku mmoja, zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia wilayani mwao. Mto Kagera ulikuwa ukipitisha maiti kuelekea Ziwa Viktoria. Waliovuka waliongea Kinyarwanda, na mtu anayesema Kihangaza hahitaji mkalimani ili kuelewana nao. Bugufi yenyewe ilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi. Ikabaki Tanganyika wakati Waingereza na Wabelgiji walipogawana nchi hizi baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Wanaouliza kule Kibimba wanauliza juu ya jamaa zao.

Makala haya ni jaribio la kuyajibu maswali yale. Katika kufanya hivyo hapana budi tuihakiki nadharia ambayo sisi makada tumeitumia kwa miaka mingi bila kuipima.

2. KASUMBA NI NENO LA NAMNA GANI?

Kasumba, kwa asili yake, ni afyuni. Neno lilitoka kwenye vilevi likaingia katika siasa, kwa sababu harakati za ukombozi zilihitaji neno la kueleza jambo la kweli. Bendera ilikuwa imebadilishwa, lakini msomi bado alikidharau Kiswahili, mkubwa wa ofisi bado alimwona mkulima kuwa mshamba, na kitu kilichotoka Ulaya bado kilihesabiwa kuwa bora kabla ya kukaguliwa. Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, yote ya mwaka 1967, yalikuwa mapambano dhidi ya hali hiyo. Neno lilitufaa, na jambo lililoelezwa nalo lilikuwapo.

Kosa limo katika picha. Picha ya afyuni inabeba madai matatu ambayo hatukuyachunguza. Kwanza, inadai kwamba fikra huingia kichwani kama kilevi kiingiavyo mwilini, na anayelishwa hana la kufanya. Pili, inadai kwamba aliyelishwa hawajibiki, maana mlevi hajui atendalo. Tatu, inadai kwamba yupo mganga ambaye yeye hakulewa, na ambaye anajua nani amelewa na nani hakulewa. Kwa bahati njema, mganga huyo siku zote ni sisi.

Picha hii ina undugu na ushirikina ambao sisi haohao tunaupiga vita. Mwananchi anayesema kwamba jirani yake amelishwa limbwata na mkewe, na kada anayesema kwamba umma umelishwa kasumba, wanatumia hoja moja. Wote wawili wanasema kuna kitu kilichotoka nje, kikaingia, kikaikalia akili, na mwenye akili hayupo tena nyumbani. Tofauti ni kwamba yule wa kwanza tunamcheka.

Mabeberu nao waliiamini hoja hii, tena walikuwa na fedha za kuijaribu. Baada ya mapatano ya kusimamisha Vita ya Korea mwaka 1953, wafungwa wa vita 21 wa Kimarekani walikataa kurudi kwao. Ilionekana haiwezekani Mmarekani mwenye akili timamu akatae Marekani. Kwa hiyo ikasemwa kwamba Wakomunisti wamewaosha ubongo. Usemi huo ulikuwa umekwisha kuenezwa tangu mwaka 1950 na mwandishi wa habari Edward Hunter. Shirika la ujasusi la CIA, likiogopa kuachwa nyuma, lilianzisha Aprili 1953 mpango wa siri uliopewa jina la MKULTRA, chini ya mkemia Sidney Gottlieb. Watu walinyweshwa LSD bila ridhaa yao, wengine bila hata kujua. Wagonjwa wa akili walipigwa umeme mara nyingi kupita kiasi. Mwaka 1973 mkurugenzi wa shirika, Richard Helms, aliamuru nyaraka za mpango huo ziharibiwe, na mwaka 1977 Seneti ya Marekani ikachunguza yaliyosalia.

Walivuna nini? Waliweza kuwatia watu hofu, kuwachanganya na kuwaharibu. Hawakuweza kumwendesha hata mtu mmoja kama gari. Saa huweza kuvunjwa kwa nyundo, lakini hakuna nyundo inayoweza kuilazimisha saa kuonyesha wakati anaoutaka mpigaji. Dola tajiri kuliko zote duniani ilitafuta limbwata kwa miaka 20, ikalikosa.

3. USHAHIDI WA VILIMA

Sasa tuvuke Kagera, tuutazame mfano wetu wenyewe tulioutoa Kibimba.

Redio ya RTLM ilianza kutangaza Julai 1993. Haikuongea kwa lugha kavu ya serikali. Ilipiga muziki, ikatania, ikapokea simu za wasikilizaji, ikasema kama watu wasemavyo kwenye kilabu cha pombe. Katikati ya vicheko iliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende. Ndege ya Rais Juvénal Habyarimana ilipotunguliwa tarehe 6 Aprili 1994, redio ile iligeuka kuwa mwongoza njia: ilitaja majina ya watu na mahali walipojificha. Katika siku zipatazo 100 waliuawa watu wapatao 800,000. Kwa hesabu ya Serikali ya Rwanda ni zaidi ya 1,000,000.

Kama nadharia ya kasumba ni kweli, basi ilipofika sauti ya redio watu wote wangeinuka, na isipofika wangetulia. Jambo hili linapimika, kwa sababu Rwanda ni nchi ya vilima, na kilima huzuia mawimbi ya redio ya FM. Kijiji kimoja husikia vizuri. Kijiji cha pili, kilicho nyuma ya mlima, hakisikii kitu. Mchumi David Yanagizawa-Drott alivilinganisha vijiji vya namna hizo mbili, akachapisha matokeo mwaka 2014. Aliona kwamba redio iliposikika watu walioshiriki mauaji walikuwa wengi zaidi, na kwamba takriban asilimia 10 ya ushiriki wote inaweza kuhesabiwa kuwa kazi ya RTLM.

Takwimu hii hapana budi isomwe kwa pande zote mbili. Asilimia 10 si jambo dogo: ni makumi ya maelfu ya washiriki, na nyuma yao kuna makaburi. Anayesema maneno ni upepo tu ajibu hilo. Lakini sehemu 9 katika 10 hazielezwi na redio. Tena mtafiti huyo aliona kwamba uhalifu wa makundi ya wanamgambo ulivuka kutoka vijiji vilivyosikia hadi vijiji jirani, yaani ulisafiri kwa miguu ya watu waliokutana, wakaambiana, wakachukuana.

Scott Straus, mtaalamu wa siasa kutoka Marekani, alipita njia nyingine. Aliwahoji wafungwa zaidi ya 200 waliokiri makosa yao katika magereza ya Rwanda. Katika maandishi yake ya mwaka 2006 na 2007 alieleza kwamba wengi hawakuitaja redio kuwa ndiyo iliyowatoa majumbani. Walitaja vita na hofu ya vita. Walitaja viongozi wa mahali. Zaidi ya yote, walitaja kundi la wanaume wanaowafahamu lililofika mlangoni na kuwaambia watoke, na hofu ya yale ambayo yangempata asiyetoka.

4. OFISI NA KIPAZA SAUTI

Ushahidi wa pili ni wa wilaya na mikoa. Mkoa wa Butare ulikuwa na redio ileile na kasumba ileile. Lakini mkuu wa mkoa, Jean-Baptiste Habyalimana, alikataa mauaji, na kwa karibu wiki mbili sehemu kubwa ya mkoa ilijizuia wakati nchi inateketea. Aliondolewa kazini baada ya katikati ya Aprili, na baadaye akauawa. Tarehe 19 Aprili rais wa serikali ya mpito, Théodore Sindikubwabo, alikwenda Butare akahutubia, akawakemea wale wanaojifanya jambo lile haliwahusu. Kuanzia hapo mauaji makubwa yalitanda mkoani. Redio haikuwa imebadilika. Kilichobadilika ni nani aliyekuwa ofisini, na kila mwananchi aliyaona mabadiliko hayo.

Komuni ya Giti, katika mkoa wa Byumba, ni mfano wa upande wa pili. Mkuu wake, Edouard Sebushumba, hakukubali watu wauawe, na Giti ikajulikana kuwa komuni ambayo mauaji ya kimbari hayakufanyika. Ni kweli kwamba majeshi ya RPF yalifika huko mapema kuliko kwingine, nasi hatulifichi hilo. Hata hivyo zile siku za kwanza, ambazo kwingine zilitosha kwa maangamizi, Giti zilipita kwa sababu mtu mwenye muhuri alisema hapana mbele ya wenzake.

Tulinganishe na komuni ya Rusumo, inayotazamana na Ngara mtoni. Mkuu wake alikuwa Sylvestre Gacumbitsi. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, iliona kwamba alifanya mikutano na viongozi wa chini yake, alishughulika na ugawaji wa silaha, alipita barabarani na kipaza sauti akichochea ubakaji wa wanawake wa Kitutsi, na aliongoza shambulio dhidi ya watu waliokimbilia parokia ya Nyarubuye katikati ya Aprili. Hakuna mahali katika mambo hayo ambapo aliingia kichwani mwa mtu. Alitumia ofisi, silaha, gari, kipaza sauti na mkutano, yaani vyombo ambavyo kiongozi yeyote wa mahali anavyo.

Baada ya hapo naye alivuka daraja pamoja na watu wake. Katika kambi ya Benaco, wilayani Ngara, wakimbizi walikaa kwa komuni zao, chini ya viongozi walewale, na Gacumbitsi mwenyewe akawa na sauti katika ugawaji wa chakula. Ndiyo kusema aliyekuwa ameamuru nani afe sasa alikuwa na neno juu ya nani ale. Ni ajabu gani basi kwamba wakimbizi walisema aliyotaka waseme? Tena hofu waliyohubiriwa, kwamba wakirudi watauawa, haikuwa uzushi mtupu, maana visasi vilikuwapo. Gacumbitsi alikamatwa mkoani Kigoma mwaka 2001, akahukumiwa miaka 30 mwaka 2004, na mwaka 2006 rufani ikageuza hukumu kuwa kifungo cha maisha.

Desemba 1996 Serikali yetu na Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa zilitangaza kwamba wakimbizi wote wa Rwanda warudi kwao kabla ya mwisho wa mwezi huo. Viongozi wa kambi waliwatoa watu usiku, wakawaelekeza mashariki, ndani zaidi ya Tanzania. Askari wetu waliwazuia, wakawageuza. Kufikia mwisho wa mwezi zaidi ya watu 450,000 walikuwa wamevuka Rusumo kurudi magharibi. Watu walewale walikwenda upande mmoja kwa amri, wakarudi upande wa pili kwa amri, katika siku chache. Hakuna anayeweza kusema kwamba akili zao zilibadilishwa mara mbili ndani ya wiki moja. Miguu iliamriwa, walichofikiri hakuna aliyewauliza.

5. KINACHOTAWALIWA NI NINI?

Je, tuseme basi kwamba akili haiguswi na kitu, na kwamba kila mtu ni huru kabisa, kama wanavyofundisha waliberali? La. Methali inasema akili ni nywele, kila mtu ana zake; lakini methali nyingine inasema ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Hii ya pili ina nadharia ndani yake. Anayevunja jicho lake hakusahau kuona. Ameangalia kulia na kushoto, akahesabu, akaamua kwamba kuwa na macho mawili mahali pale ni hatari.

Mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Yale, Stanley Milgram aliwaambia watu wa kawaida wampige mwenzao umeme, hatua kwa hatua, kila alipokosea jibu. Umeme ule ulikuwa wa uongo, lakini wao hawakujua. Kati ya watu 40, 26 walifika mwisho wa mashine, volti 450, kwa kuwa tu mtu mwenye koti la maabara aliwaambia waendelee. Wengi wamelisoma jaribio hilo wakaishia hapo, wakasema: tazama, akili hutawalika. Hawakusoma jaribio lililofuata. Milgram aliwaweka watu wengine wawili wakae pamoja na mpigaji, na hao wawili, kwa mpango, wakakataa kuendelea. Safari hii kati ya watu 40 walifika mwisho 4 tu. Mwenye koti alikuwa na amri yake kama mwanzo. Kitu kipya kilikuwa ni hapana mbili zilizosikika.

Rwanda yenyewe imetupa ushahidi unaofanana na huo. Tangu mwaka 2004 ulirushwa mchezo wa redio uitwao Musekeweya, uliotungwa kwa ajili ya upatanisho. Elizabeth Levy Paluck aliwafuata wasikilizaji wake kwa mwaka mzima, akawalinganisha na watu waliosikiliza mchezo wa mambo ya afya. Matokeo aliyochapisha mwaka 2009 yanapasa kusomwa na kila mkufunzi. Imani za moyoni za wasikilizaji hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni mawazo yao juu ya wenzao: jambo gani linakubalika hapa kwetu, jambo gani linasemeka. Matendo yao nayo yakabadilika. Mwisho wa utafiti kila kundi lilipewa redio ya kaseti pamoja na kanda. Makundi ya mchezo wa afya yalikubaliana upesi kwamba vitunzwe na kiongozi wa mahali. Makundi ya Musekeweya yalibishana, mwingine akisema hivi na mwingine vile, hatimaye yakaamua kuvitunza wenyewe kwa pamoja.

Sasa tunaweza kutamka jibu. Hakuna anayeitawala akili ya mtu mwingine. Kinachotawaliwa ni kile ambacho mtu anadhani wenzake wanafikiri. Mchochezi hahitaji kuniaminisha mimi kwamba jirani yangu ni mende. Inamtosha nikiamini kwamba watu wote wa kilima hiki wamekwisha kuamini hivyo, na kwamba nimebaki peke yangu. Redio, mkutano, kipaza sauti, mgao wa chakula na kundi linalogonga mlango ni vyombo vya kumfanya kila mtu ajione yuko peke yake. Hiyo ndiyo siri yote ya wanaodhaniwa kuwa na limbwata la siasa, nayo ni siri ya mpangilio wa watu na madaraka. Mkoloni wa Kibelgiji alifanya hivyohivyo alipoandika kabila la kila Mnyarwanda kwenye kitambulisho katika miaka ya 1930. Hakuingia kichwani. Alishika karatasi, shule na vyeo, akaviacha vifundishe.

6. HUKUMU YA ARUSHA

Nadharia hii ina faida moja ambayo ile ya kasumba haina: inamwajibisha kila mtu kwa tendo lake.

Kama akili ya mkulima ingekuwa imechukuliwa kweli, mkulima angekuwa panga tu, na panga halishtakiwi. Mahakama zilikataa udhuru huo. Mahakama za gacaca za Rwanda, zilizofunga kazi mwaka 2012, zilisikiliza kesi karibu milioni 2. Upande wa pili, kama maneno yangekuwa upepo, mtangazaji angekwenda zake. Arusha ilikataa udhuru huo pia. Mwaka 2003 ilimtia hatiani Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa RTLM, pamoja na Jean-Bosco Barayagwiza na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Mwaka 2007 rufani ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza adhabu kuwa miaka 30, 32 na 35. Kwa habari ya redio, ilimbakishia Nahimana hatia kwa matangazo ya baada ya tarehe 6 Aprili 1994, wakati neno lilipokuwa limeshikana na panga.

Kesi ya mwanamuziki Simon Bikindi inaeleza zaidi. Mahakama ilikubali kwamba nyimbo zake zilitumika katika kampeni ya chuki, lakini haikumfunga kwa ajili ya nyimbo. Ilimpa miaka 15, mwaka 2008, kwa maneno aliyoyasema kwa kipaza sauti barabarani mwezi wa Juni 1994, akiwa katika msafara wa gari, akiwahimiza watu waue. Wimbo ulizoeza masikio. Neno la barabarani, mbele ya watu wanaotazamana, lilikuwa agizo.

Kwa hiyo mzee wa Kibimba anastahili jibu lake. Anayekumbuka ng'ombe wa marehemu ni yuleyule mwenye akili yake. Hakuna aliyekaa mahali pake. Aliogopa, akatamani, akatazama wenzake, akahesabu faida, akaenda. Tukimwambia kwamba alikuwa amelishwa kasumba, tunamfutia dhambi. Na tunawatukana wale walioishi chini ya redio ileile wakaficha watu darini.

Nasi Watanzania tusijisifu kupita kiasi. Wahangaza hawakuokolewa na damu tofauti wala akili bora kuliko ya ndugu zao wa ng'ambo. Waliishi chini ya dola ambayo haikuandika kabila kwenye kitambulisho wala haikumpa diwani orodha ya majirani wa kuua. Mambo hayo yalijengwa na watu, nayo yasipotunzwa yatabomolewa na watu.

7. KUJIKOSOA

Limebaki swali la yule dada, nalo ndilo gumu. Elimu yetu ya siasa ni kitu gani?

Tuseme ukweli. Mara nyingi tunamaliza mhadhara na kuuliza, "Tumeelewana?" Ukumbi unajibu kwa sauti moja, "Ndiyooo!" Tunarudi tukiandika katika ripoti kwamba wananchi wamehamasika. Kwa mujibu wa uchambuzi uliotangulia, tumewafundisha nini hasa? Hatukuingia vichwani mwao. Tumemwonyesha kila mmoja kwamba wote wengine wanasema ndiyo. Aliyekuwa na shaka ametoka ukumbini akidhani yuko peke yake, kumbe pengine nusu ya ukumbi ilikuwa na shaka ileile.

Historia yetu inayo mafunzo ya jambo hili. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikataza kiburi cha viongozi, ukataka mipango itokane na wananchi wenyewe, viongozi na wataalamu wakiwa watekelezaji. Novemba 1973 likatoka agizo kwamba kuishi vijijini ni lazima, na mamilioni ya wananchi wakahamishwa, mahali pengine kwa nguvu. Mikono ilinyooshwa mikutanoni. Mkazo ulipolegea katika miaka ya 1980, wengi walirudi kimyakimya kwenye mashamba yao ya zamani. Hatulinganishi jambo hilo na mauaji ya kimbari. Hayo ni mambo mawili mbalimbali kabisa. Tunasema tu kwamba mkono ulionyooshwa si ushahidi wa fikra, na kwamba sisi wenyewe tulikwisha kuonyeshwa hivyo.

Hatari kubwa iko mbele. Ukumbi uliozoezwa kuitikia pamoja hauchagui wa kumwitikia. Leo yupo mkufunzi mwenye nia njema. Kesho akisimama pale mtu wa namna ya Gacumbitsi, atakuta kazi imekwisha kufanyika: atakuta watu wasiojua ni wangapi kati yao wanaofikiri tofauti. Nia njema ya mkufunzi wa kwanza haitamzuia wa pili.

Tunapendekeza kwa makada wenzetu mambo manne. Kwanza, katika kila mkutano hoja ya kupinga itafutwe kabla ya kura. Mwenyekiti asiulize tu nani anakubali, aulize pia nani ana shaka, na angoje. Pili, kumbukumbu za mkutano ziandike maoni ya walio wachache, ili anayekuja baadaye ajue kwamba hapa pamewahi kusemwa hapana. Tatu, tufundishe usikilizaji. Mwananchi anaposikia redio au kiongozi akiwaita watu wadudu, ajiulize mara moja: nani anasema, anataka tufanye nini, na nani atachukua ng'ombe? Ngara ilionyesha njia mwaka 1995, ilipoanzishwa Radio Kwizera kwa ajili ya wakimbizi na wenyeji wao. Palipo na sauti ya pili, ya kwanza haiwezi kudai kwamba ndiyo ya wote. Nne, anayesema hapana wa kwanza alindwe. Akidhalilishwa yeye, tumewafunga midomo wote waliokuwa wakimtazama ili wajue mpaka uko wapi.

Wapo watakaosema kwamba kwa kufanya hivyo tunadhoofisha umoja. Umoja wa watu wasiojuana fikra ni kelele ya pamoja tu. Wahenga walituusia kwamba za kuambiwa tuchanganye na zetu, na hawakuwatoa wakufunzi katika wosia huo.

Tutarudi Kibimba. Somo la kasumba tutalifundisha tena, kwa namna nyingine, na tutaanza kwa kuwaomba yule mzee na yule dada warudie maswali yao mbele ya wote.